Angela Brazil: aliwaandikia wasichana shule ambayo yeye mwenyewe aliikosa

Mwanamaktaba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wengi wetu tuliosoma bweni tulikutana na Enid Blyton kwenye rafu za maktaba ya shule. St. Clare's, Malory Towers, karamu za siri usiku wa manane, msichana mgeni anayechukiwa kisha anapendwa. Tukaamini yeye ndiye aliyeyaanzisha yote hayo. Ukweli ni kwamba Blyton alikuta njia imeshafyekwa. St. Clare's ilianza kutoka 1941, na kufikia hapo kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akiandika habari za shule za wasichana kwa miaka 35 mfululizo. Anaitwa Angela Brazil. Leo nataka nimwongelee kwa kirefu, kwa sababu naamini kadharauliwa kuliko anavyostahili.

Alizaliwa 30 Novemba 1868 mjini Preston, Lancashire, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake, Clarence Brazil, alikuwa meneja kwenye viwanda vya pamba, na familia ilikuwa ikihama mji mmoja wa viwanda hadi mwingine kufuata kazi yake. Mama yake, Angelica McKinnel, alikulia Rio de Janeiro, ambako familia yake ilikuwa na biashara ya meli. (Kukulia nchi ya Brazil na kuja kuolewa na ukoo wa Brazil ni sadfa tupu, msije mkatafuta siri hapo.) Mama huyu alisomeshwa Uingereza na shule ikamtesa. Alipopata watoto wake akaamua hawatalelewa kama yeye. Aliwaachia vitabu, muziki na mimea ya porini, kwa uhuru ambao zama za Malkia Victoria haukuwa jambo la kawaida kwa mtoto wa kike.

Akiwa na miaka 10, Angela na rafiki yake Leila Langdale walitengeneza jarida lao la mkono: vitendawili, mashairi, hadithi fupi. Waliiga Little Folks, jarida la watoto walilolipenda. Baadaye wote wawili walikuja kuandika humo humo.

Shule alizosoma ni sekondari ya wasichana ya Manchester, upande wa wadogo, kisha Ellerslie, hapo hapo Manchester, ambako mwishoni alikaa bweni. Na hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Ellerslie walifundisha vizuri, ila hapakuwa na michezo ya kupangwa, hapakuwa na vilabu, hapakuwa na yale maisha ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1925 alipotoa kumbukumbu zake, My Own Schooldays, alikuwa na miaka 56 na bado alikuwa akilalamikia hilo.

Baada ya shule alisomea uchoraji London, chuo cha Heatherley, pamoja na dada yake Amy. Kitabu chake cha kwanza cha shule, The Fortunes of Philippa, kilitoka 1906. Alikuwa na miaka 37. Ni habari ya msichana anayeletwa kutoka Amerika ya Kusini kuja kusoma Uingereza, yaani ni habari ya mama yake. Kuanzia hapo hakusimama: karibu vitabu 50 hadi 1946, karibu vyote kwa mchapishaji mmoja, Blackie.

Naendelea kwenye sehemu ya pili, nipeni dakika chache.

---

Shangazi_Bweni

Nimetandika mkeka. Mimi nilikuwa dada mkuu enzi zangu, kwa hiyo mada hii ni ya kwangu kabisa. Shusha nondo, mkuu.

---

Mwanamaktaba

Karibu shangazi.

Sehemu ya pili: alibadilisha nini hasa?

Hadithi za shule za wasichana hazikuanza na yeye. L. T. Meade, mwandishi kutoka Ireland, alitoa A World of Girls mwaka 1886 na ikauzika sana. Lakini ukisoma zile za awali unasikia sauti ya mtu mzima kila ukurasa. Msichana anakosea, anaumwa au anaumbuka, anatubu, anafundishwa. Mwandishi amekaa upande wa mwalimu mkuu, anamtazama mtoto kutoka juu.

Brazil aliihamisha hadithi ikatoka ofisini ikaingia bwenini. Kwake mwalimu mkuu yupo, tena anaheshimiwa, lakini mambo yanaamuliwa na wasichana wenyewe: nani anaingia timu ya hoki, nani kamsaliti nani, nani anaandika kwenye jarida la shule, nani anashika hazina ya klabu. Na wanazungumza kama wanavyozungumza wasichana, kwa misimu yao ya wakati ule.

Nitoe mfano mmoja kwa kina, The Leader of the Lower School, 1913. Msichana anaitwa Gipsy Latimer. Amezunguka dunia na baba yake, amepita shule nyingi, haogopi mtu. Anafika Briarcroft Hall na kukuta madarasa ya juu wameshika kila kitu. Vilabu ni vyao, uwanja ni wao, na michango ya madarasa ya chini inaliwa na wakubwa. Wadogo wananung'unika tu. Gipsy anawaita kikao. Anawauliza kwa nini wanatoa hela kwenye kitu wasichonufaika nacho. Wanajitoa kwa pamoja na kuunda umoja wao wenye viongozi wao. Wakubwa wanacheka, kisha wanakasirika, kisha hawana la kufanya, maana hela zimekatika.

Wakuu, huo ni mgomo. Ni chama cha wafanyakazi ndani ya sare ya shule, na kiliandikwa 1913, wakati wanawake wa Uingereza hawana kura ya ubunge na wanaopigania kura hiyo wanafungwa jela. Sisemi Brazil alikuwa mwanaharakati, hakuwa. Ila msichana wa miaka 13 aliyesoma sura ile alijifunza namna ya kuitisha mkutano, kupiga kura, kuchagua karani na mweka hazina. Nani mwingine alikuwa akimfundisha hayo?

Halafu kitabu kinageuka. Baba yake Gipsy amesafiri mbali, barua zinakatika, ada haijalipwa. Mwalimu mkuu, Miss Poppleton, ambaye mwanzo alikuwa mtamu, anabadilika. Yule kiongozi wa wadogo anakuwa mtoto wa kuonewa huruma, anavaa viatu vilivyochoka, anahesabiwa kila anachokula. Brazil anaandika aibu ya ada kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kurudishwa nyumbani kufuata ada ataisoma huku koo limekauka.

---

Shangazi_Bweni

Hiyo ya ada imenigusa pabaya. Kuna muhula nilisimamishwa mstarini mbele ya shule nzima na wenzangu wenye madeni, mpaka leo nawakumbuka wote kwa majina. Sikujua kuna mzungu aliyewahi kuliandika hilo.

---

Mdau_wa_Moshi

Uzi mzuri, ila naomba kutofautiana na mleta mada.

Nimesoma vyake kama vinne hivi. Ukisoma viwili umesoma vyote. Mgeni anafika, haeleweki, kuna mashtaka ya uongo, kuna mtu anaokolewa kwenye maji au mwamba, mwisho inagundulika kwamba msichana fulani ni mjukuu wa tajiri aliyepotea. Na majina ya vitabu vyenyewe: The Nicest Girl in the School, The Luckiest Girl in the School, The Jolliest Term on Record. Mwandishi wa vitabu 50 wa aina hiyo ni mchapakazi, sawa, lakini si mwandishi mkubwa. Kuuza sana si kigezo.

---

Mwanamaktaba

Mdau, hoja yako ya kurudiarudia naipokea nusu. Urithi uliopotea na ndugu wanaogundulika ni kweli amevitumia kupita kiasi, na mimi mwenyewe kurasa hizo huwa nazipita haraka.

Ila umetaja The Nicest Girl in the School, 1909, kitabu chake kilichouzika kuliko vyote, nakala zaidi ya 150,000. Hebu kitazame tena. Patty Hirst ni mtoto wa daktari wa kawaida, nyumba imejaa watoto, hela hakuna. Mjomba tajiri anamlipia shule nzuri ili awe karibu na binamu yake Muriel. Muriel anamwonea haya Patty mbele ya marafiki zake. Kisha kunapatikana kitabu cha majibu ya Kilatini, kile kinachotumika kuibia, na lawama inamwangukia Patty. Anajua ni cha nani. Akisema, anamuumbua mtoto wa mtu anayemlipia ada. Akinyamaza, shule nzima inamwona mwizi. Ananyamaza.

Tuko wangapi humu tuliosomeshwa na mjomba au baba mdogo, tukakaa nyumba moja na watoto wake? Yule mtoto anayesomeshwa kwa fadhila hana haki ya kukasirika. Brazil alilijua hilo na akalijengea kitabu kizima, kwa lugha nyepesi ambayo mtoto wa miaka 11 anaielewa. Hiyo kwangu ni kazi ya mwandishi.

---

Mwalimu_Achieng

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili na fasihi, nasoma nikiwa Kisumu.

Mmegusa misimu kisha mkaipita. Naomba mleta mada atueleze zaidi, maana nimewahi kusikia kwamba walimu wakuu wa Uingereza walivipiga marufuku vitabu vyake kwa sababu ya lugha. Hapa kwetu tunapambana na Sheng kila siku. Kuna walimu wenzangu wanaamini mwanafunzi akiisoma Sheng kwenye kitabu amekwisha. Mimi sikubaliani nao, na ningependa kuwa na mfano wa kihistoria mkononi.

---

Mwanamaktaba

Mwalimu, shikamoo na karibu sana.

Ni kweli. Baadhi ya shule hazikuvitaka kabisa. Tukio linalojulikana zaidi ni la 1936: Ethel Strudwick, mkuu wa St Paul's Girls' School ya London, shule yenye heshima kubwa, alisimama kwenye sala za asubuhi akatangaza kwamba atavikusanya vitabu vya Angela Brazil avichome moto. Fikiria ukubwa wa jambo hilo. Mwandishi ana miaka 67, hana tusi hata moja kwenye vitabu vyake, hana mapenzi ya wavulana, wahusika wake wanasali na kuwahi darasani, na bado mtu anataka kuvichoma.

Kwa nini? Nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ndiyo uliyoitaja: wasichana walichukua maneno ya vitabuni wakayaleta mezani kwa chakula, na wazazi wanaolipa ada kubwa ili binti aongee kwa adabu hawakufurahi. Ya pili sijaona ikisemwa waziwazi lakini naiamini. Shule nzuri za wasichana zilikuwa changa. Kampuni iliyojenga nyingi kati ya zile za kutwa ilianzishwa 1872 tu. Walimu wakuu wale walikuwa wamepigana miaka mingi kuithibitishia dunia kwamba msichana anaweza kujifunza hesabu na Kilatini bila kuugua. Waliogopa mtu yeyote anayeifanya shule yao ionekane mahali pa mchezo na vituko. Nawaelewa. Ila walimkosea, kwa sababu Brazil alikuwa upande wao. Hakuna aliyewafanya watoto wengi zaidi watamani kwenda shule.

---

Mwalimu_Achieng

Asante sana. Hilo la mwisho nalibeba hadi chumba cha walimu kesho. Mimi nimewahi kuona mtoto asiyependa kusoma akiganda na kitabu kwa sababu tu mhusika anaongea kama yeye. Sarufi unaweza kumfundisha baadaye. Hamu ya kusoma ikishakufa huna pa kuanzia.

---

Msomaji_Pwani

Salamu kutoka Tanga. Nimekaa kimya tangu mwanzo nikisoma, sasa nina swali gumu kidogo.

Huyu mama ameandika 1906 hadi 1946. Miaka hiyo hiyo sisi tuko chini ya Wajerumani kisha Waingereza. Je, kwenye vitabu vyake watu kama sisi tupo? Na kama tupo, tupo vipi? Maana sipendi tumsifie mtu halafu baadaye tugundue alikuwa akitutukana.

---

Mwanamaktaba

Swali la haki kabisa, ndugu.

Dola ya Kiingereza kwenye vitabu vyake ni kama hewa: haihojiwi. Makoloni ni mahali baba anapokwenda kutafuta mali na kaka anapokwenda kufanya kazi. Tazama For the Sake of the School, 1915. Ulyth Stanton, msichana mstaarabu wa shule ya The Woodlands huko Wales, amekuwa akiandikiana barua na msichana wa shambani New Zealand, Rona. Rona anakuja shuleni, na Ulyth anashtuka: anaongea kwa kelele, hajui kula mezani, hajali lolote. Kitabu kizima ni juu ya kumnyoosha. Na huyo ni mzungu wa New Zealand! Kama mtoto wa walowezi anaonekana gogo la kuchongwa, unaweza kukisia mtu mweusi angeonekanaje, na pale anapotokea, kwenye mzaha au mchezo wa jukwaani, ni kwa dharau ya kawaida ya wakati ule. Sitaki kuipamba. Kurasa hizo zinachukiza na nadhani mzazi anayempa mtoto wake vitabu hivi asome naye.

Vita ya kwanza ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi. A Patriotic Schoolgirl, 1918. Marjorie Anderson yuko Brackenfield College, kaka zake wako vitani, na shule nzima inaungua kwa uzalendo. Kwa upande mmoja kitabu kinatuonyesha vita kwa jicho la mtoto: chakula cha kupimwa, majeruhi hospitalini, hofu ya telegramu. Kuna sehemu Marjorie anamwandikia barua askari mpweke asiyemjua, kwa wema tu, na mkuu wa shule anaichukulia kama kashfa. Mtoto anashindwa kuelewa: mnatuambia tuwapende askari, nimempenda mmoja kwa barua, sasa nafukuzwa? Sehemu hiyo ni nzuri mno. Lakini upande mwingine, rafiki yake wa karibu anageuka kuwa na damu ya Kijerumani na siri zake, na kitabu hakina huruma naye hata chembe. Urafiki wa mwaka mzima unafutwa kwa sababu ya taifa. Kwa mwandishi aliyejenga kila kitu chake juu ya urafiki, hapo alijisaliti.

---

Msomaji_Pwani

Nimeridhika na jibu. Heri mtu aelezwe mwanzoni, akishika kitabu awe anajua.

Niongeze kitu. Mfumo wenyewe wa viranja na nyumba za kushindana tumeupata kutoka huko huko. Shule ya Tabora ilifunguliwa 1925, ikaendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza, na Mwalimu Nyerere alipita pale na akawa kiranja. Mwaka huo huo wa 1925, kwa mujibu wa mleta uzi, ndipo mama huyu alipotoa kumbukumbu zake. Kwa hiyo tunaposoma habari za wale wasichana tunasoma pia asili ya kengele zetu na mistari yetu ya asubuhi.

---

Mwanamaktaba

Umenena vyema. Na angalieni tofauti moja: Tabora ile ilikuwa ya wavulana. Mtoto wa kike wa Kiafrika alisubiri zaidi. Kule Kenya, Alliance ya wasichana ilianza 1948, mwaka mmoja baada ya Brazil kufariki.

---

Ukurasa_wa_Mwisho

Naingia kwa kuchelewa. Mimi ni mpenzi wa Elinor Brent-Dyer na nitamtetea hapa.

Brazil alifungua mlango, sawa. Lakini Brent-Dyer ndiye aliyejenga nyumba. The School at the Chalet ilitoka 1925, shule iliyowekwa milimani Tyrol, Austria, kando ya ziwa, na mfululizo ukaenda hadi 1970, vitabu karibu 60. Wasichana wa mataifa mbalimbali, wanaongea Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani kwa zamu, siku hii lugha hii. Mleta mada amesema Brazil alimsaliti msichana mwenye damu ya Kijerumani. Brent-Dyer mwaka 1940, Uingereza iko vitani na Ujerumani, alitoa The Chalet School in Exile. Humo wasichana wanaona kundi la Wanazi likimfukuza mzee wa Kiyahudi barabarani, wanaingilia kati, kisha inabidi wakimbie nchi kwa miguu kupitia milimani. Na wanafunzi wanaweka ahadi kwa maandishi kwamba watabaki marafiki, nchi zao zipigane zisipigane, na Wajerumani wakiwemo. Kitabu cha watoto, 1940! Nani mwingine alithubutu?

---

Mwanamaktaba

Hapo sina ubishi hata kidogo. Exile ni kitabu cha ujasiri na kwa jambo hilo Brent-Dyer kampita Brazil mbali. Tena ni mwanamke aliyekulia South Shields kwenye nyumba isiyo na choo ndani, baba kaondoka akiwa mtoto mdogo, akaubuni ulimwengu wa milima na maziwa. Anastahili uzi wake na nakuomba uuandike wewe.

Lakini zingatia tofauti ya kazi zao. Brent-Dyer, Elsie J. Oxenham na Dorita Fairlie Bruce, hawa watatu waliandika mifululizo. Msomaji anakua na wahusika, anawaona wakiolewa, wakizaa, mabinti zao wakiingia shule ile ile. Ndiyo maana hadi leo Brent-Dyer ana vyama vya wapenzi wake wanaokutana na kuandikiana. Brazil karibu kila kitabu alianza upya: shule mpya, msichana mpya, mazingira mapya. Mara chache tu alirudia wahusika, kama Monitress Merle ya 1922 inayofuatia A Fortunate Term ya 1921. Hilo limemponza kwa kizazi cha leo kinachopenda mfululizo, ila limempa upana ambao wale wengine hawana. Ana shule za bweni na za kutwa, za mjini na za ufukweni, ana hata shule ya Waingereza huko Italia. Winona wa The Luckiest Girl in the School yuko shule ya kutwa na anaishi kwa shangazi. Wasichana wengi waliokuwa wakisoma vitabu hivi walikuwa wa kutwa, wanarudi jioni kuosha vyombo. Brazil aliwakumbuka.

---

Mdau_wa_Moshi

Nimerudi. Suala la Patty na mjomba limenifanya nikitafute tena, nimefika nusu. Bado nasema mtindo wake una sukari nyingi, hasa anapoelezea maua na machweo. Ila sura ya Kilatini umeieleza sawasawa. Inauma.

Swali la pembeni: huyu mama alikuwa na maisha gani nje ya kuandika? Aliolewa?

---

Mwanamaktaba

Maua ni ugonjwa wake wa tangu utoto, mvumilie. Alipenda mimea ya porini kweli kweli, na familia ilikuwa na nyumba ndogo Wales ambako alizurura sana. Mandhari ya Wales yamejaa vitabuni.

Hakuolewa. Mwaka 1911 alihamia Coventry na kuishi na kaka yake Walter, aliyekuwa daktari, na dada yake Amy, eneo la The Quadrant. Wote watatu hawakuwa na familia zao, wakaishi pamoja hadi uzeeni. Alikuwa mtu wa mji: alipigania majengo ya kale ya Coventry yasibomolewe, alijiunga na vyama vya kuhifadhi historia, na alikuwa akiwafanyia watoto sherehe nyumbani kwake.

---

Shangazi_Bweni

Coventry si ndiyo ile iliyopigwa mabomu na Wajerumani? Alikuwepo?

---

Mwanamaktaba

Ndiyo hiyo, shangazi. Usiku wa 14 Novemba 1940 katikati ya mji paliteketea na kanisa kuu likabaki kuta. Majengo ya kale aliyoyapigania miaka 30, mengi yaliondoka usiku ule. Alikuwa na wiki mbili kufikisha miaka 72. Na aliendelea kuandika: ukitazama orodha, kila mwaka kuanzia 1940 hadi 1946 una kitabu chake kipya. Cha mwisho, The School on the Loch, kilitoka 1946, na alifariki nyumbani kwake 13 Machi 1947.

---

Msomaji_Pwani

Vitabu hivi vinapatikana wapi? Na mtu aanzie kipi? Nina binti yuko kidato cha kwanza, Kiingereza chake kinapanda vizuri.

---

Ukurasa_wa_Mwisho

Kwa kupata nimjibu mimi. Hakimiliki yake Uingereza ilikwisha mwanzoni mwa 2018, miaka 70 baada ya mwaka aliofariki. Vingi viko kwenye Project Gutenberg, unapakua bure kwenye simu. Hakikisha unapakua ile ya kusomea kwenye programu ya vitabu, inakaa vizuri kwenye skrini ndogo. Ukitaka vya karatasi tafuta kwenye maduka ya mitumba ya vitabu, ila jihadhari na bei: Blackie walichapa upya mara nyingi bila kuandika mwaka, kwa hiyo muuzaji akikuambia ni toleo la kwanza, angalia mwenyewe. Nakala nyingi zina karatasi imebandikwa ndani ya jalada yenye jina la mtoto na sababu ya kuzawadiwa, mahudhurio mazuri au nidhamu. Hizo mimi ndizo nazipenda.

---

Mwanamaktaba

Asante mkuu, umenipunguzia kazi.

Msomaji_Pwani, kwa binti wa kidato cha kwanza aanze na The Leader of the Lower School. Ni kifupi, kinaenda mbio, na ule mgomo atauelewa bila maelezo. Kisha The Nicest Girl in the School. The Luckiest Girl in the School kiwe cha tatu, hasa kama anacheza netiboli au mchezo wowote wa timu, maana Winona anaishia kuwa nahodha wa michezo na mechi zimeandikwa kwa ufundi. A Patriotic Schoolgirl mwachie hadi kidato cha tatu, akishasoma Vita Kuu ya Kwanza darasani, na kisomeni wote wawili. My Own Schooldays ni ya kwako wewe mzazi.

Misimu ya 1913 itamsumbua kurasa chache za mwanzo. Mwambie asikimbilie kamusi kila neno, asome kwanza sura nzima, mengi yatajieleza yenyewe. Akimaliza cha kwanza mlete hapa atuambie yeye angekuwa upande wa nani, wakubwa au wadogo.

---

Msomaji_Pwani

Nimeshakipakua. Kaniuliza kwa nini mwalimu mkuu anaitwa Poppie nyuma ya mgongo wake, maana yake tayari yuko sura za mbele kuliko mimi. Nitarudi naye wikiendi.